Kichwa cha Dubu Hakivuliwi Mbele ya Wageni

Kissimmee, Florida
9 Januari 1997

Dada Migdalia,

Kwanza mwambie Mama naomba baraka zake, na useme kwa sauti ili asikie hata kama bado amenuna. Wewe hujambo? Shemeji Chago goti lake linaendeleaje? Sikukuu ya Wafalme Watatu, Keishla aliwawekea ngamia wao majani chini ya kitanda? Mwaka juzi aliwawekea kabichi, akasema ngamia nao wanachoka kula nyasi kila mwaka. Mbusu mjukuu wako huyo kwa niaba yangu.

Mimi mzima. Tangu mwondoke nyumba imekuwa kimya mno. Zile pasteles za ndizi zilizofungwa majani alizoniachia Mama kwenye friza nakula moja kila Jumapili, nazibania zisiishe.

Kuhusu siku ile ya gwaride, nilisema samahani na ninaisema tena. Mmekuja toka kisiwani kwetu, toka Adjuntas, mara ya kwanza Mama kupanda ndege, kuja kuona gwaride la Krismasi kwenye bustani ya burudani anakofanya kazi mwanawe, halafu mwanawe hayupo. Najua. Lakini mkutano uliitishwa ghafla, na msimamizi wa gwaride hawezi kuukwepa mkutano. Kazi za ofisini ndivyo zilivyo.

Kidonda cha Mama pale kwenye paji kimekauka? Lililomwangusha ni jua tu, Dada. Desemba ya huku inadanganya.

Niandikie. Usipige kutoka simu ya jirani yako doña Carmín, maana tukimaliza kuongea mtaa mzima unajua nimekula nini.

Mdogo wako,
Eliezer


Adjuntas
16 Februari 1997

Mdogo wangu Eliezer,

Salamu zako zimefika. Mungu akubariki, hilo ni la Mama, kaniambia niandike, ingawa kalisema akiwa amenipa mgongo. Chago na goti lake wanaendelea kugombana. Keishla ameng'oka jino. Kahawa mwaka huu imetoka kidogo lakini nzuri. Kidonda cha Mama kimekauka, imebaki alama ndogo kama mkwaruzo wa paka.

Sasa nisikilize. Siku ya Wafalme tulikuwa mezani, watu wengi, na Chago akawa anawasimulia wageni jinsi Mama alivyoanguka kwenye gwaride, utadhani alikuwepo, wakati yeye alibaki hapa na goti lake. Mama akaweka kijiko chini.

"Na mwanangu akanipita akicheza," akasema.

"Mwana gani tena, Mama?" nikamwambia. "Eliezer alikuwa mkutanoni."

"Eliezer alikuwa ndani ya yule dubu mweupe."

Meza nzima ikalipuka kwa kicheko. Chago akasema, "Basi akija tena tusimchomee nguruwe, tumtafutie mzinga wa asali!" Hata Keishla akasema, "Bibi, dubu ni dubu."

Mama hakucheka. "Cheka wewe, Chago, una meno ya kuchekea. Mimi mguu wa kushoto wa mwanangu naujua. Anautupa pembeni kama anafukuza kuku. Tangu alipoanguka kwenye mti wa kahawa akiwa mdogo anautupa hivyo hivyo."

Tukadhani yameishia hapo. Wapi! Amemwambia padri. Amemwambia muuza mkate. Amesimamisha watu wasiomjua nje ya posta. Mwanzoni walicheka, sasa hawacheki tena, wanampigapiga begani na kuniangalia mimi. Juzi doña Carmín alinivuta kando: "Migdalia, usikasirike, lakini mama yako ameanza."

Unakumbuka pale bustanini alivyomshika yule dubu pua na kumwambia, "Mungu akubariki, mwanangu"? Hukuwepo, nimesahau. Basi alifanya hivyo. Nilidhani anamchekesha Keishla.

Chago anasema mtu wa hali hiyo haachwi aishi peke yake kule juu mlimani na jiko la gesi. Mimi nasita. Ile nyumba aliijenga na Baba, akitolewa kule ni kama kumng'oa. Kwa hiyo nakuomba: niandikie huo mkutano ulikuwa wa nini, na huyo dubu ni nani. Nitamsomea, atulie, na sisi tujue kama ana akili zake au hana.

Dada yako,
Migdalia


Kissimmee
30 Machi 1997

Dada,

Barua yako nilikaa nayo, kazi zilinizidi. Mwambie Mama naomba baraka. Pasaka njema kwenu nyote.

Mkutano ulikuwa wa mambo ya usalama wa wageni. Anayevaa dubu ni kijana mmoja kutoka Ohio, mrefu, mimi namjua. Pengine Mama alipojigonga kichwa kitu kilisogea. Sisemi ni mgonjwa, ila daktari amwone. Nyinyi mlio karibu naye ndio mnaojua zaidi.

Nimemtumia sweta.

Eliezer


Adjuntas
18 Mei 1997

Eliezer,

Sisi wazima. Mvua zimeanza, barabara ya juu imeharibika tena. Keishla anakusalimu, kakuchorea farasi, ingawa ukimwangalia vizuri ni mbwa. Sweta imefika. Imemtosha.

Nilimsomea Mama barua yako. Akasema, "Soma tena pale pa kijana." Nikasoma. Akaniuliza, "Ohio ni mbali?" Nikamwambia mbali sana. Akaenda kulisha kuku.

Kesho yake asubuhi akavaa gauni la kanisani, akashuka mwenyewe kwa miguu, akapita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu radhi. Kwa muuza mkate. Kwa doña Carmín. Kwa watu wa posta wasiomjua hata jina. Padri ndiye aliyenieleza maneno yake: "Baba, nisamehe, nilimsingizia mwanangu jambo baya. Kichwa changu kimeanza kuniaga."

Daktari alimuuliza leo siku gani, akakosea. Nani mlimani anajua leo siku gani? Lakini akaandika alichoandika. Wiki hiyo hiyo tukafunga nyumba. Kuku tumempa doña Carmín. Mama yuko kwangu, chumba cha nyuma.

Nilifikiri nitapumua. Eliezer, mama yetu ananiomba ruhusa ya kubandika kahawa. Anasimama mlangoni mwa jikoni na kuniuliza, "Naweza?" Mama yetu, aliyekuwa akimfukuza Baba jikoni kwa mwiko! Jana alikuta chumvi haipo mahali pake, akakaa akalia, akisema lazima ni yeye aliyeipoteza. Chumvi niliichukua mimi.

Halafu kuna jambo linanizunguka akilini. Siku ile ulipotufuata kwenye zahanati ya bustani ulikuwa na shati safi na tai, lakini nywele zilikuwa zimelowa chapachapa kama mtu aliyetoka mtoni. Ni mkutano gani unamlowesha mtu hivyo?

Sikulazimishi kujibu.

Migdalia


Kissimmee
22 Juni 1997

Dada yangu Migdalia,

Sitaanza na goti la Chago leo, mtanisamehe. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, najijua.

Mama ana akili zake zote. Ndani ya dubu nilikuwa mimi.

Hakuna mkutano. Hakuna kijana wa Ohio. Wala mimi si msimamizi wa kitu chochote, sijawahi kuwa. Nilipofika hapa niliosha vyombo kwenye mgahawa wa bustani, kisha nikafagia njia, kisha wakahitaji mtu mrefu wa kuvaa dubu kwenye gwaride la Krismasi, wakaniona. Lile neno msimamizi nililiandika kwenye barua moja ya zamani kwa Mama, akalipeleka kanisani siku hiyo hiyo, na baada ya hapo nikakosa njia ya kurudi. Tai unayoisema niliivaa kwa ajili yenu tu.

Niliomba ruhusa siku ile nikae nanyi. Wakaninyima, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi hakuna anayepewa. Nikajiambia si kitu, nitawaona kupitia mdomo wa dubu, maana kule ndani mtu anachungulia kwenye wavu uliofichwa mdomoni, halafu nitajifuta jasho nije na tai yangu.

Sheria ya kazi yetu ni moja kuliko zote: kichwa hakivuliwi mbele ya wageni, na sauti haitoki. Uzimie, ufe, kichwa hakitoki. Watoto wasije wakaona shingo ya mtu ikichomoza kwenye dubu. Anayevua anaondoka kazini saa ile ile. Pembeni yako anatembea msindikizaji, wangu anaitwa Dwayne, ndiye macho yako.

Tukatokea kwenye kona ya saa kubwa. Muziki, kengele, ile theluji ya povu la sabuni inamwagwa kutoka juu ya paa. Nikawaona mko mbele kabisa kwenye kamba. Mama na gauni lake la bluu. Keishla anakula povu, unamkemea, "Mate hayo ya mashine, tema!" Nilicheka kule ndani peke yangu. Nikaja kwenu. Kwa nini nilikuja kwenu? Ningeweza kupita upande wa pili. Nilitaka kuwa karibu nanyi, basi.

Mama akanishika pua. Akanitazama mdomoni, pale pale penye wavu. Kisha akasema lile neno. "Mungu akubariki, mwanangu." Unajua kwetu mtoto ndiye anayeomba baraka kwanza, ndipo mzazi anajibu. Yeye alijibu bila mimi kuomba, kwa sababu alijua siwezi kuomba. Nilijua wakati ule ule kwamba amenijua.

Dwayne akanivuta kiwiko, twende. Nikapiga hatua mbili tatu nikicheza, nikageuka kuwapungia, nikamwona Mama anakwenda chini. Taratibu, kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Paji likagonga ukingo wa njia. Wewe ukapiga kelele, "Mama! Mama!"

Nilisimama. Dwayne akasema sikioni kwangu, "Wapo watu wa huduma ya kwanza wanakuja, songa, songa, watoto wanakuangalia." Macho ya Mama yalikuwa wazi, Dada. Amelala ubavu kwenye povu ananiangalia. Na mimi nikainua mikono nikaendelea kucheza. Nilicheza mpaka geti la mwisho.

Nilipokuja zahanati, nilimwambia kama kawaida, "Nibariki, Mama." Unakumbuka alivyonijibu? "Nimeshakubariki leo." Wewe ukaniambia kwa macho, amejigonga vibaya huyu. Nikakuacha uamini hivyo. Halafu ukaniandikia Februari, ukaniuliza wazi, nikakuandikia kijana wa Ohio.

Msomee barua hii. Msomee doña Carmín, na muuza mkate, na Chago. Waite wote. Mrudisheni nyumbani kwake.

Ilikuwa sheria ya kazi, Dada. Nilifungwa na sheria.

Eliezer


Adjuntas
27 Julai 1997

Eliezer,

Nimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika matusi. Nimeshachana barua tatu. Hii soma.

Chago alisoma yako, akatoka nje akakaa kwenye gari bila kuliwasha. Aliporudi akasema, "Nilimtania Mama na mzinga wa asali." Hakula siku hiyo. Doña Carmín karudisha kuku bila kuambiwa, na mmoja wa ziada. Kwa hiyo huku kila mtu amejua, na kila mtu ameona haya, kila mtu na sehemu yake.

Mama nilimsomea chumbani, mlango umefungwa, tukiwa wawili. Nilisoma polepole. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika ncha ya shuka. Nikamwambia, "Umesikia, Mama? Wewe mzima. Ulisema kweli tangu mwanzo. Sisi ndio wajinga."

Akasema, "Eliezer ana moyo mwema. Anasema uongo nisione aibu."

"Si uongo, Mama! Mwenyewe ameandika."

"Alikuwa mkutanoni."

Nikamsomea tena pale pa wavu wa mdomoni, pale pa kubarikiwa. Nikamwambia mambo haya nani mwingine angeyajua? Akanichukua barua mkononi, akaikunja, akanirudishia. Akaniambia maneno haya, nakuandikia kama yalivyotoka:

"Migdalia, mwanangu, fikiri vizuri. Kama mimi mzima, basi mwanangu aliniona nimelala chini, akacheza. Niacheni na ugonjwa wangu. Huo naweza kuishi nao."

Kisha akauliza kama anaweza kubandika kahawa.

Ile nyumba ya juu ipo, imefungwa tu. Lakini Mama mwenyewe hataki kurudi, anasema mtu mgonjwa hakai peke yake na gesi. Nimebembeleza, nimegomba. Hataki.

Na ile habari ya sheria. Wewe uliyeruka ukuta wa shule, uliyeendesha lori la Baba bila leseni mpaka Ponce, leo umefungwa na sheria? Mama yuko chini, damu inamtoka, halafu wewe unaogopa kufukuzwa kazi ya dubu? Sikuamini. Niambie lililokuzuia, au usiniandikie tena.

Migdalia


Kissimmee
10 Agosti 1997

Dada,

Hapana, haikuwa sheria.

Dwayne aliponiambia nisonge, mikono yangu ilikuwa tayari iko shingoni. Kamba ya kichwa nilishaishika. Kazi kama ile nimeshawahi kupoteza, na ningepata nyingine. Kilichonizuia ni wewe. Nilikuona umepiga magoti pale umemshika Mama, unaangaza huku na huku unaita, "Eliezer! Mwiteni Eliezer, ni mkubwa hapa!" Ulikuwa unawaambia wageni, watu usiowajua, kwamba ndugu yako ni mkubwa hapa. Nikafikiria nitoe kichwa mbele yako, jasho linachuruzika, nywele zimenigandia, mtu wa makamo ndani ya manyoya. Nikaona afadhali Mama asubiri watu wa huduma kuliko wewe unione vile. Ndivyo nilivyopima. Nimekuwa nikitafuta namna ya kuliandika hili lisionekane dogo, na ni dogo hivyo hivyo.

Nimeacha kazi. Sikufukuzwa, nilikwenda mwenyewe nikarudisha vazi. Usinisifu, ni miezi minane baadaye.

Ninakuja. Fungueni ile nyumba, fagieni, mwambieni Mama kwamba mtu mgonjwa hakai peke yake na hatakaa peke yake, mimi nitakaa naye kule juu. Kahawa nitachuma, hata kwa mguu huu. Kama akikataa kwenda, nitalala kwenye benchi la varanda yako mpaka akubali, na Chago anitanie atakavyo.

Usimlazimishe tena kuamini barua yangu. Yeye amechagua kubeba lile jina la kichaa ili mimi nisibebe langu, na kwa barua tu hatalitua. Nitakapofika nitamwambia kwa mdomo, mbele yako, nikiwa nimekaa anapoweza kuniona uso. Akisema nilikuwa mkutanoni, nitamwambia hapana, Mama, nilikuwa pale. Akisema ni uongo wa huruma, nitamwambia hapana. Kesho yake akianza upya, nami nitaanza upya, hata kama itakuwa kila asubuhi mpaka mmoja wetu aondoke duniani.

Na siku atakayoniamini, Dada, akanyanyuka akanipa kisogo, usije ukamshika mkono kumrudisha. Mwache aende.

Eliezer